Nafasi Tupu Katika Jedwali

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake. Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, na ajue msomaji kwamba elimu ni amana, na sharti yake ya kwanza ni mtu kusema "sijui" katika asilolijua. Malaika walipoulizwa majina ya vitu walikiri kuwa hawana elimu ila waliyofunzwa na Mola wao. Na Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, alisifika kwa kujibu "sijui" hata mbele ya waliomwendea kutoka mbali.

Mfano wake umo katika elimu ya kemia. Mawe, maji na mwili wa binadamu vimetungwa kwa asili ziitwazo elementi, kama dhahabu, chuma, oksijeni na kaboni. Chembe ndogo kabisa ya elementi huitwa atomi. Katikati ya atomi mna kiini chenye protoni, na aghalabu nyutroni pamoja nazo. Na nje ya kiini zimo elektroni. Hesabu ya protoni ndiyo ipambanuayo elementi: yenye 79 ni dhahabu, yenye 80 ni zebaki.

Mwaka 1869, kabla ya protoni kujulikana, mtaalamu wa Urusi Dmitri Mendeleev alizipanga katika jedwali elementi za zama zake, sitini na ushei, kwa uzito na tabia zao. Pale palipokosa elementi ya kufaa, hakupachika isiyostahiki ili jedwali lionekane kamili, bali aliacha nafasi tupu. Galiamu ikaonekana Ufaransa mwaka 1875, skandiamu Uswidi mwaka 1879, na jerimaniamu Ujerumani mwaka 1886. Hiyo ya mwisho alikuwa amekisia uzito wa atomi yake kuwa 72. Ulipopimwa ukawa 72 na ushei.

Naye pia elimu yake ilikuwa na mpaka. Aliitanguliza teluriamu mbele ya ayodini, ingawa ni nzito zaidi, akidhani uzito umepimwa vibaya. Kumbe uzito ulikuwa sahihi: mwaka 1913 Henry Moseley wa Uingereza alibainisha kwamba mpango wa kweli hufuata umeme wa kiini, wala si uzito. Leo zimejulikana elementi 118.

Basi na azingatie apandaye mimbari akadai kwamba "dharra" ya Kurani ni hiyo atomi ya wanakemia. Waarabu wa kale walikusudia chungu mdogo, au vumbi lionekanalo katika mwali wa jua. Atomi ilipewa jina hilo baadaye. Kitabu cha Mungu hakihitaji kutiwa nguvu kwa dhana. Na azingatie vilevile amkatazaye kijana kemia, hali hajasoma hata ukurasa mmoja wake. Wawili hao kosa lao ni moja: wamejaza nafasi tupu kwa wasichokijua, na watu wakawaamini.

Mwenyezi Mungu awaruzuku Waislamu elimu yenye manufaa, na ulimi usioona haya kusema "sijui". Amin. Wallahu aalam.