Je, Kutazama Ni Kuchukua?

Jioni moja ya kiangazi tulikuwa tumesimama kando ya barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Akapita mzee mmoja, akisukuma baiskeli yake iliyobeba madumu ya mawese. Alitukuta watu watatu wazima tumeinua vichwa, tukikodolea macho mti mmoja mrefu, hatusemi neno. Naye akasimama, akatazama juu, asione kitu. Akauliza: "Wanangu, mwatafuta nini? Dhahabu haikai juu ya miti."

Tukamjibu: "Baba, twatazama ndege."

"Mtawatega?"

"Hapana, Baba. Twataka kuwapiga picha tu."

Mzee akacheka hadi akashika mti wa baiskeli. Akasema: "Picha hailiwi," kisha akaenda zake.

Mzee hakukosa kututania habari ya dhahabu. Katika nchi ya Kabambare, pande za Namoya, watu wamechimba dhahabu kwa miaka mingi, na mtu asimamaye porini na chombo mkononi hudhaniwa upesi kwamba ametumwa kupima udongo. Lakini neno lake la mwisho limetukaa moyoni. Ndani yake mna maswali mawili, nasi twapenda kuyafikiri pamoja nanyi, wasomaji wetu. Swali la kwanza: je, yafaa mtu mzima, katika nchi yenye shida nyingi, atumie saa zake kwa jambo lisilojaza chungu? Swali la pili ni gumu zaidi: mtu achukuaye picha tu, je, kweli hakuchukua kitu?

Tuanze na lile la kwanza. Ni kweli, picha hailiwi. Tena mwenye njaa hana miiko, na mtu aliyeshiba asimcheke jirani anayemtazama ndege na kuona kitoweo. Lakini mwanadamu hana tumbo peke yake. Jicho nalo lina njaa yake, na jicho lisilolishwa huwa kipofu polepole, ijapokuwa laona njia.

Tutoe mfano wa nyumbani. Karibu kila mji wa kwetu una michikichi, na katika michikichi mna wale ndege wa manjano wenye kichwa cheusi na jicho jekundu, wafumao viota vinavyoning'inia. Tumeishi chini yao tangu utoto, tukisikia makelele yao na kukasirika kwa sababu huchana majani ya michikichi yetu. Hatukuwaona kamwe. Siku tulipoazima kamera kuukuu na kukaa mbele yao asubuhi nzima, ndipo tulipojua kwamba afumaye ni dume. Amalizapo hujining'iniza mlangoni mwa kiota kichwa chini, akipigapiga mabawa na kuita. Jike huja, huingia, hukagua. Asiporidhika huenda zake, na yule fundi maskini, kiota kikishakauka bila mpangaji, hukibomoa na kuanza kingine. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Jirani zetu wa miaka mingi tulikuwa hatuwajui.

Basi faida ya kazi hii si karatasi ile yenye picha. Faida ni kwamba yamlazimisha mtu akae kimya. Mwanga wa kufaa ni wa alfajiri na wa jioni. Katikati ya siku jua huchoma rangi, na ndani ya msitu giza ni jingi. Ndege naye haji kwa amri. Atakaye picha hana budi kujifunza ni tunda gani limeiva, ni kijito gani mdiria hupenda kuvulia, ni saa ngapi hondohondo hupita na mabawa yake yenye kishindo. Injili yenyewe yatualika tuwatazame ndege wa angani. Sisi twadhani mwaliko huo haukutolewa kwa watu wasio na kazi.

Zamani wataalamu hawakumjua ndege mpaka wamempiga risasi. Ilikuwa desturi: mtu atakaye kuandika habari za ndege humwua, humchuna, hukausha ngozi na kuitia katika sanduku. Fikirini habari ya tausi wa Kongo. Mwaka 1913, huko Avakubi katika Ituri, Mmarekani mmoja, James Chapin, aliona unyoya katika kofia ya mwenyeji. Hakuujua ni wa ndege gani. Akauweka kwa miaka 23. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa juu ya kabati na kuandikwa kuwa tausi wachanga wa Bara Hindi. Unyoya wake ulilingana na wao. Ndivyo ulimwengu wa wataalamu ulivyompata ndege ambaye watu wa msituni walikuwa wamemjua, kumwinda na kujipamba kwa manyoya yake tangu zamani.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walianza kushika njia nyingine. Walibeba kamera mahali pa bunduki. Ili ndege wasiwaogope, walitengeneza hata ng'ombe wa bandia kwa ngozi ya ng'ombe wa kweli, mtu akajificha tumboni mwake, kamera ikichungulia nje. Watu waliwacheka, kama mzee wetu alivyotucheka sisi. Lakini ndege aliyepigwa picha na Kearton asubuhi alilala kiotani mwake usiku. Na leo, katika Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoanzishwa mwaka 2016 katika majimbo ya Maniema na Tshopo, kamera hufungwa miguuni mwa miti nazo hujipiga zenyewe mnyama apitapo. Tausi yule yule wa Chapin hupita mbele yake, hupigwa picha, huendelea kuchakura majani.

Mpaka hapo mtu atasema: "Neno limekwisha. Bunduki huua, kamera haiui. Tena wahenga walisema, macho hayana pazia; kutazama si dhambi." Nasi tulisema hivyo hivyo. Sasa hatuna budi kuwasimulia jambo letu, ijapokuwa twaona haya.

Katika mti ule wa barabarani, mzee alipotupita, kulikuwa karibu kuingia kwa kasuku. Kabla ya jua kutua walianza kufika, wawili wawili, kisha kumi kumi, wakipiga miluzi, wenye mwili wa kijivu na mkia mwekundu kama kaa la moto. Mti ukajaa. Tulipiga picha nyingi, na moja ilikuwa nzuri mno: mti mzima, kasuku kila tawi, na chini yake kona ya barabara na nyumba moja ya matofali. Kwa furaha tuliwapelekea rafiki zetu picha hiyo kwa simu, nao wakawapelekea rafiki zao. Watu walitusifu. Tulifurahi kusifiwa.

Baada ya majuma matatu tukarudi. Kulikuwa kimya. Juu ya matawi tuliona vijiti vilivyopakwa ulimbo, na chini manyoya mekundu yametapakaa. Wategaji huweka kasuku mmoja aliyefungwa, awaite wenzake kwa sauti. Wajapo kumjibu hunasa kwa miguu na mabawa. Kisha hutiwa katika vikapu na masanduku kusafirishwa mbali, na wengi hufa kabla ya kufika.

Kijiji kilimjua mtegaji, wala yeye hakujificha. Alitupokea vema, akatupa viti. Tulipomlaumu alitujibu kwa upole: "Walimu, msinikasirikie. Mimi mti huo sikuujua. Niliuona katika picha yenu. Ninyi mmechukua chenu, nami nimechukua changu. Chenu kiliwapa sifa, changu kitalipa ada ya shule ya watoto wangu. Ni nani kati yetu aliyechukua kwa haja?"

Tulirudi nyumbani bila maneno. Hebu tulipime jibu lake kwa haki, tusilikimbie.

Sehemu moja ya jibu hilo si kweli. Kuchukua kwake na kuchukua kwetu si mamoja. Picha haikumpunguza kasuku hata unyoya mmoja. Kesho yake mpita njia mwingine angaliweza kumwona, na keshokutwa mtoto wake. Lakini kasuku aliyetiwa katika sanduku ameondolewa kwa wote ili awe wa mmoja, tena wa mmoja asiyejulikana, wa nchi ya mbali. Na kasuku si kama kuku. Hutaga katika mashimo ya miti mikubwa, hulea makinda machache, na aweza kuishi miaka 40 au zaidi. Ukiwatoa wakubwa, mti haujazwi tena upesi. Ndiyo sababu mataifa yaliyokutana Johannesburg mwaka 2016 yalikata shauri kwamba kasuku wa kijivu wa porini wasifanyiwe biashara tena baina ya nchi na nchi, na amri hiyo ikaanza Januari 2017. Sisi wa Maniema twapaswa kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Katika karne ya 19 misafara ilipita Kasongo na Kabambare ikiwachukua watu na pembe za ndovu kwenda pwani. Mkamataji wa karibu alipata kidogo. Faida kubwa ilimngoja aliye mbali. Hata leo apandaye mtini na ulimbo si yeye atajirikaye.

Lakini sehemu nyingine ya jibu lake ni kweli, nayo inatuchoma. Sisi hatukumtega kasuku, lakini tulionyesha njia. Mtu apitaye zizini kwa jirani, akafungua mlango ili awasifu mbuzi, akaenda zake bila kuufunga, hakuiba mbuzi. Hata hivyo, chui akiingia, je, atasema: "Mimi nilitazama tu"? Macho hayana pazia, lakini mtazamaji ana mikono, ana mdomo, na sasa ana simu. Tulimpenda ndege, ama tuliipenda sifa ya kumpata? Tukijichunguza vema, siku ile tuliipenda sifa. Na mahali hapo ndipo kamera ifananapo na ulimbo: kiumbe anapokuwa chombo tu cha haja yetu.

Tena habari za kasuku hazikutufundisha hilo moja tu. Wako wapiga picha wakatao matawi yaliyofunika kiota ili waone vizuri. Jua huwachoma makinda, mwewe na nyoka huona chakula. Wako wamwitao ndege kwa sauti iliyonaswa katika simu, mara kumi, mara ishirini, naye huacha mayai yake akimtafuta mshindani asiyekuwapo. Wakirudi nyumbani husema hawakumdhuru mtu. Kwa hiyo sisi twaona kwamba hatia au haki haimo katika chombo. Imo katika swali hili: nikiisha kuondoka, je, yule niliyemtazama yu salama kama nilivyomkuta? Picha inayodai mayai yapoe, iachwe. Picha inayotoboa siri ya mahali, isionyeshwe. Yafaa kukosa picha kuliko kumkosesha ndege makao.

Na tusimsahau yule mtegaji. Ni rahisi mtu mwenye kamera ya kuazima kumhubiria mtu mwenye watoto wanaofukuzwa shule. Sheria ni ya haki, lakini mdomo wetu usiwe mwepesi kumtaja mwovu kabla hatujamwuliza kama amekula. Tulimwendea tena, si mara moja. Yeye azijua njia za ndege kuliko sisi sote. Sasa mara nyingine hutuongoza, nasi humlipa kadiri tuwezavyo. Hatusemi kwamba ameacha mitego yote. Twasema kwamba twaongea.

Kiangazi kilichofuata tulirudi chini ya mti ule. Walikuja kasuku kumi na mmoja. Tulipiga picha moja: kichwa cha ndege na tawi, basi, wala huwezi kujua ni mti gani wala ni njia gani. Tulipokuwa tukifunga mfuko, tukasikia kengele ya baiskeli. Ni yule mzee wa mawese. Akatuamkia, akauliza: "Bado hamjala?" Tukacheka wote. Tukamwomba atazame ndani ya kamera, kwani lenzi ndefu huleta karibu kilicho mbali.

Alitazama muda mrefu, jicho moja amelifumba. Kisha akasema polepole: "Kumbe uso wake ni mweupe, kama mtu aliyepakwa unga. Miaka yote hii nimewasikia wakipita juu yangu, sikupata kumwona uso."

Akaturudishia kamera kwa mikono miwili, akashika baiskeli yake. Lakini hakuondoka upesi. Alisimama nasi mpaka giza lilipoingia na kasuku wa mwisho akanyamaza.