Je, Mtu Hupimwa kwa Namba Moja?



Nilipokuwa nafundisha, siku moja nilimwita mtoto mjinga mbele ya wenzake. Alikuwa wa mwisho katika hesabu na katika imla, nami niliona maksi hizo zimekwisha kusema yote. Hakurudi tena shuleni. Tangu nistaafu nimejiuliza: je, nilikuwa na haki ya kumpima mtu kwa namba moja?

Wataalamu nao wamelishindania jambo hili. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman aliona kwamba wanafunzi wanaofaulu somo moja mara nyingi hufaulu na mengine. Akapiga hesabu ya kutafuta chanzo kilichojificha nyuma ya maksi. Ni kama sisi wa Bangwe: mitumbwi yote ikikosa dagaa usiku mmoja, hatusemi kila mvuvi ana mkosi wake, twasema ni mbalamwezi. Spearman akasema chanzo ni akili moja ya jumla. Lakini mwaka 1938 Mmarekani L. L. Thurstone, kwa hesabu ya namna hiyo hiyo, alitaja akili saba.

Tena, hesabu haitoi ila kilichotiwa ndani yake. Huko Usenge, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao waliwauliza Wajaluo mtu mwenye akili ni yupi. Walipata maneno manne: rieko, yaani maarifa, luoro, heshima, winjo, kuelewa mambo, na paro, moyo wa kuanzisha jambo. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2001, hesabu iliyagawa mafungu mawili: akili ya maarifa na akili ya kuishi na watu. Katika maneno hayo manne, ni rieko peke yake iliyokwenda pamoja na maksi za shule. Tena kati ya watoto 85 waliopimwa, waliojua zaidi miti shamba ya kutibu maradhi walielekea kupata maksi chache katika msamiati.

Sisemi mitihani ifutwe. Maksi ni kweli, ila si kweli yote.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, mwenye mtumbwi na vijana wanaomtegemea. Tukikutana ufukoni huniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Hiyo ndiyo luoro, ambayo mimi sikuipima. Nimekwisha kumwomba radhi.

Ninyi wazazi, ripoti ikija nyumbani, isomeni. Kisha mtazameni na mtoto mwenyewe.