Mjane Si Sehemu ya Mirathi

Wanaomshurutisha mjane arithiwe na shemeji yake hupenda kutaja Kumbukumbu la Torati 25. Waisome yote. Amri ile ilimhusu mjane ambaye mumewe alikufa bila mtoto wa kiume, ili jina la marehemu lisipotee. Na shemeji aliweza kukataa mbele ya wazee, japo kwa aibu ya kuvuliwa kiatu na kutemewa mate. Mzigo ulikuwa wa mwanamume! Katika Mwanzo 38, Yuda alimnyima mkwewe Tamari, aliyekuwa mjane, mwanawe Shela awe mumewe, na mwishowe akakiri kwamba Tamari alimzidi haki. Nchini Tanzania, kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamruhusu mjane kuishi apendapo, kuolewa na amtakaye, au kutoolewa. Wazee wa ukoo, muulizeni yeye kwanza.