Jogoo Aliyeuzwa Mara Tatu

Jogoo yule aliletwa uwanjani amefungwa miguu kwa kamba ya katani, na mpaka saa saba mchana alikuwa ameshauzwa mara tatu. Ilikuwa siku ya harambee ya kujenga darasa, hapa kwetu Unyambwa, miaka ile kila kata nchini ilipohimizwa kuwa na sekondari yake. Bibi mmoja hakuwa na fedha, akatoa alichonacho. Mnadishaji alianzia shilingi 3,000. Mnunuzi wa kwanza alifika 7,000, akalipa, akamnyanyua ndege juu watu wamwone, kisha akasema, "Namrudisha mnadani." Wa pili akalipa 9,000, naye akamrudisha. Wa tatu, fundi baiskeli, akatoa 10,000, akamfungua jogoo kamba na kumkabidhi bibi aliyemleta. Vigelegele vikalipuka. Kesho yake jogoo aliwika bandani kwake kama kawaida, na kwenye daftari la kamati kulikuwa na shilingi 26,000 zilizotokana naye.

Siku hiyo nami nilipewa kipaza sauti. Nilikuwa nimevaa suti, nimetoka mjini, na macho ya wazazi wangu yalikuwa juu yangu. Nikaahidi mifuko mitano ya saruji. Nilipigiwa makofi kuliko bibi wa jogoo.

Darasa lilipanda mpaka kwenye lenta, likasimama. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa mwaka na kuishia Aprili, na boma lisilo na paa linazipokea zote. Msimu wa kwanza udongo wa kwenye maungio ukaanza kuchuruzika. Msimu wa pili majani yakaota ndani, mbuzi wakapata pa kukwepea jua. Vijiweni tukawa na maelezo tayari: kamati imekula.

Kamati ikaitisha mkutano. Mweka hazina, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakutoa hotuba. Alifungua daftari akasoma. Upande wa kushoto uliandikwa "taslimu", na kila shilingi ilikuwa na mahali ilipokwenda: mawe, mchanga, nondo, fundi. Upande wa kulia uliandikwa "ahadi". Ule ulikuwa mrefu, wenye mabando ya mabati, mbao na saruji, na majina ya watu wazito. Alipofika kwenye jina langu nilitazama viatu vyangu. Hakuna aliyekula kitu. Tulikuwa tumejaribu kupaua darasa kwa makofi.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama vyama vya kujitolea kwa jicho la mweka hazina. Rotary, kwa mfano. Kwa wengi wetu jina hilo lina harufu ya hoteli na tai, na ni kweli kwamba kilianza kama chama cha wafanyabiashara. Wakili Paul Harris na wenzake watatu walikutana Chicago Februari 23, 1905, na wakawa wanakutana kwa kuzunguka, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Jina limetoka kwenye kuzunguka huko. Walipoanza kufikiria huduma kwa jamii, mwaka 1907, jambo kubwa la kwanza walilolishikia bango lilikuwa choo cha umma katikati ya jiji. Hakuna mgeni rasmi anayegombania kukata utepe wa choo, lakini mpita njia aliyebanwa anajua thamani yake.

Nairobi walipata klabu yao mwaka 1930, Dar es Salaam mwaka 1949. Serikali ya mkoloni imekuja ikaondoka, Azimio la Arusha limetangazwa, mashirika yameundwa na kuuzwa, na klabu ile ya Dar bado inakutana. Sidhani ni kwa sababu wanachama wake wana mioyo mikubwa kuliko ya watu wa Unyambwa. Wana ada. Na kila Julai 1 rais wa klabu anamkabidhi mwenzake kiti, awe alifanya vizuri au vibaya. Mwaka mmoja, basi. Hapa kwetu nimeona mwenyekiti wa kikundi akizeeka na mhuri mfukoni.

Michango yao nayo ina safari ndefu. Mwaka 1985 Rotary waliamua kuchangia vita dhidi ya polio duniani kote. Walilenga dola milioni 120. Kufikia 1988 walikuwa na dola milioni 247. Tanzania ilithibitishwa kuwa haina polio mwaka 2015, na Agosti 25, 2020 Afrika nzima ikatangazwa kuwa huru dhidi ya virusi vya asili vya ugonjwa huo. Kisha, mwanzoni mwa 2022, mgonjwa mmoja akagundulika Malawi, na wahudumu wakaanza tena kupita nyumba kwa nyumba na vibebeo vya baridi mabegani, matone mawili kwa kila mtoto, alama ya chaki mlangoni. Mama aliyefungua mlango hakuhitaji kujua nani alichangia. Mchango wa kweli nadhani uko hivyo: unafika bila jina lako.

Hata hivyo, wakubwa hao nao wana yao. Wanawake walifunguliwa milango ya Rotary duniani kote mwaka 1989 tu. Kikundi chetu cha kuzikana kinawashinda hapo, kwani ni akina mama walioanzisha na ndio wanaoshika fedha. Kila Jumapili ni shilingi 1,000. Kikundi kina turubai, masufuria mawili makubwa na viti vya plastiki, na msiba ukitokea hakuna anayeanza kuomba namba za watu. Kabla ya kufunga kikao, daftari linasomwa kwa sauti, jina kwa jina, pamoja na la mwenyekiti. Wazee wanasema ndivyo ilivyokuwa wakati wa kujenga tembe: majirani walikuja na miti na udongo, mwenye nyumba akaandaa pombe, na asiyetokea alijulikana, maana zamu yake ya kujenga ingefika.

Mwaka jana nilikwenda kwa mweka hazina yule, jioni, akiwa anapepeta alizeti. Nilikuwa na fedha ya mifuko mitano ya saruji, kwa bei ya sasa, ambayo si ya wakati ule. Darasa lilishapauliwa siku nyingi, wala si kwa mkono wangu. Nilitegemea anikemee au anisifu. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari lililokatika pembe. Akatafuta jina langu taratibu, akalipiga mstari upande wa kulia, akaliandika upande wa kushoto.

"Tutaweka kwenye choo cha wasichana," alisema. "Shimo tayari."

Kisha akageuza ukurasa, akaniuliza kama na Jumapili nitakuwepo.