Msumeno na Asili

Katika barabara itokayo Chake Chake kwenda Wete, mtoto wa Pemba huonekana akisukuma kwa fimbo kigari alichokiunda kwa dumu la mafuta ya kupikia. Magurudumu ameyakata katika ndala zilizokatika ukanda. Ubavuni ameandika 606, nambari ya gari za njia hiyo. Hapana mpita njia amwambiaye kuwa amesema uongo. Lakini mtoto huyo huyo akikikata kigari cha plastiki alicholetewa na mjomba wake kutoka Maskati, ili akifanye kiwe gari aliloliona katika filamu, wakubwa huguna: mbona umekiharibu? Mna swali la maadili ndani ya kuguna huko, wala si swali dogo. Mtu ana haki gani ya kukigeuza kitu kizima kiwe mfano wa kitu kingine? Na hicho kitokeacho, ni kazi au ni kughushi?

Kipo kisa kinachofaa kupimia swali hili. Mwaka 1955 kampuni ya Ford ya Marekani ilionesha gari liitwalo Lincoln Futura, ambalo bodi yake iliundwa na mafundi wa Ghia mjini Turin, Italia. Lilikuwa gari la maonesho tu, halikupata kuuzwa madukani. Kampuni ya Revell ikatoa mfano wake mdogo wa plastiki, vipande vya kuunganishwa kwa gundi, katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Gari lenyewe likapakwa rangi nyekundu kwa ajili ya filamu moja ya 1959, kisha likasahauliwa, hata likaangukia mikononi mwa fundi George Barris wa California, kwa dola moja kama isimuliwavyo. Ilipohitajika gari la Batman kwa televisheni na filamu ya 1966, na muda wa kuunda jipya ukiwa mfupi, Barris alilikata hilo hilo, akalibadili pua na mapezi, akalipaka weusi. Januari 2013 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4. Futura halipo tena. Au lipo, limekaa kimya chini ya rangi nyeusi.

Sasa, mwenye kutaka mfano mdogo wa gari la Batman anaweza kuununua ukiwa tayari umetoka kiwandani hivyo. Wapo hata hivyo wapenzi wa kazi hii wanaoutafuta ule mfano mkongwe wa Futura, wakashika msumeno mwembamba, wakakata, wakaziba nyufa, wakasugua kwa msasa usiku kucha. Jirani huwaona wendawazimu. Lakini ni nani kati ya hao wawili aliye karibu zaidi na ukweli? Wa kwanza ana sura ya kitu. Wa pili ameipita njia ile ile ambayo kitu chenyewe kiliipita, akakosea pale alipokosea Barris, akajua kwa nini pezi limekaa vile. Kuiga umbo ni jambo moja, kuiga mwendo ni jambo jingine, na watu wa pwani wanalijua hili bila ya kufundishwa na Marekani. Mwaka 2003, Unguja, katika jumba la Beit al-Ajaib, mafundi waliunda mtepe, chombo cha kale ambacho mbao zake hazipigwi misumari bali hushonwa kwa kamba. Lau wangepiga misumari kwa ndani na kupitisha kamba kwa nje, mgeni gani angalitambua? Walishona. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Lakini mkono uliokwishashona hauporomoki pamoja na dari.

Hoja hii ni tamu, ila hailijibu guno la wakubwa. Uaminifu wa fundi kwa gari la Batman haumlipi chochote Futura aliyekatwa. Mifano ile mikongwe haitolewi kila siku, na plastiki ikishapita msumeno hairudi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Je, mwenye kuachishwa asili kwa nguvu aitweje?

Wapenzi wa ushairi wanayo adabu iliyo bora kuliko hii. Mtunzi wa tahmisi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, akaitungia mitatu yake, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Hivyo ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyozifanyia beti za Liyongo. Atakaye huiondoa mitatu akamkuta Liyongo mzima, hakuguswa hata mizani. Msumeno hauna adabu hiyo. Kwa hivyo aliyepata kigari kikongwe kilicho kizima, vipande vyote ndani ya sanduku lake, akakikata, amekosa, hata kama kazi yake ni nzuri. Barris naye alikosa, ingawa bila ya kosa lake Futura lisingekumbukwa na wengi. Faida haifuti kosa. Hulifanya tu gumu kulihukumu. Ama kigari kilichokwishavunjika, kilichopakwa gundi ovyo na mtoto wa zamani, hicho ni sawa na dumu lililokwisha mafuta.

Kughushi ni jambo la mbali na haya. Hakumo katika plastiki wala katika rangi, kumo katika ulimi wa muuzaji aitaye nakala asili. Kigari cha 606 hakijamlaghai abiria yeyote. Na hizo gari zenyewe za abiria kisiwani, kwa miaka mingi, nyingi zilikuwa za mizigo kabla ya mafundi seremala kuzitia mabenchi na paa.

Basi mtoto wa Wete na aulizwe kwanza hali ya zawadi ya mjomba wake. Ikiwa milango ingali inafunguka na magurudumu manne yanazunguka, afadhali angoje. Ikiwa ekseli imekwisha kuvunjika, na apewe msumeno, na mkubwa mmoja amshikie kigari kisiteleze.