MUNGU WETU SI KIZIWI

Usomaji: 1 Wafalme 19:9-13



Sisi tunaokaa Bukavu tunajua makelele. Mapema asubuhi pikipiki zinapanda kuelekea soko la Kadutu. Mchana wauzaji wanaita, magari yanapiga honi, na nganda moja inashindana na nyingine kwa muziki. Umeme ukikatika, mashini za groupe zinaanza kunguruma. Usiku ukiingia, ni zamu yetu sisi watu wa sala.

Tuseme ukweli: kimya kinatuogopesha. Mwaka 1996, mwaka 2004, na tena Februari 2025, tuliona mji ukinyamaza kwa sababu ya bunduki. Wamama walifunika vinywa vya watoto ili wasilie. Ndiyo maana wengi wetu tukisikia makelele tunasema: basi, uzima upo.

Lakini kuna kimya kingine. Nabii Elia alikimbilia mlima Horebu akiogopa kuuawa. Pale ulipita upepo mkali, kisha tetemeko, kisha moto; na Bwana hakuwamo. Mambo hayo matatu sisi tunayajua. Upepo wa ziwa unaezua mabati yetu. Tetemeko lilitukuta Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, wengi wakiwa makanisani. Moto unakula nyumba zetu za mbao zilizosongamana. Baada ya yote hayo ikaja sauti ndogo ya upole, na Elia akafunika uso wake. Kama pangewekwa bafle mbele ya lile pango, angesikia nini?

Tunaandika haya tukijihukumu sisi wenyewe. Katika kesha moja la sala parokiani kwetu, mama jirani alikuja mlangoni saa nane ya usiku. Mtoto wake alikuwa na homa, hakuweza kulala. Hakuomba tufunge kanisa, aliomba tupunguze sauti tu. Sisi mashemasi tulimjibu kwamba anapinga kazi ya Mungu, na mmoja wetu akaongeza sauti ya mikro. Asubuhi tulipotoka tulimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, mtoto mgongoni. Hakuitika salamu yetu. Na usiku kucha tulikuwa tumeimba juu ya upendo!

Baada ya siku nyingi tulikwenda kumwomba msamaha. Alitupa viti. Akatuambia kwamba usiku ule yeye pia alikuwa akiomba, kwa ajili ya mtoto wake.

Wandugu, wengine watatuonyesha Zaburi 150, matoazi na ngoma. Ni kweli, fanfari na kwaya ni sifa kwa Bwana. Lakini someni pia Yoshua 6:10. Kabla ya Yeriko kuanguka, watu wa Israeli walikatazwa kutoa sauti mpaka siku waliyoamriwa kupiga kelele. Kelele yao ilikuwa na saa yake.

Tumkumbuke na Papa Simon Kimbangu. Alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, na mwezi wa Septemba mwaka uleule alikamatwa. Miezi michache tu ya kuhubiri, kisha miaka 30 ya kifungo, mpaka alipokufa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuwa na mikro. Wakubwa wa wakati ule walidhani kuta za gereza zitamaliza ile sauti. Je, ilimalizika?

Basi tufanye hivi. Bafle zisielekezwe tena kwenye nyumba za watu. Ikifika saa tatu ya usiku, mikro izimwe. Kesha liendelee kwa midomo yetu tu. Na kila mmoja atafute pahali pake pa kimya, kama Yesu alivyotoka alfajiri kwenda pasipo na watu (Marko 1:35). Asiye na chumba cha peke yake ashuke ziwani kabla jua halijatoka. Pale atasikia wavuvi wa sambaza wakirudi, na pengine atasikia pia lile neno ambalo Bwana amekuwa akimwambia siku nyingi.

Mwenye masikio asikie. Lakini kwanza jirani yake apate kulala.

Amina.