Chombo cha Pili

Wanangu mnaosukuma mitumbwi Mwigobero, Kibara na Kisorya, nawasikia mkisema Ziwa Victoria mmezaliwa nalo. Hata watu wa Mchigondo, kule Igundu wilayani Bunda, wamezaliwa nalo. Tarehe 30 Julai 2023, Jumapili, watu walikuwa wanarudi kutoka kusali. Mtumbwi wa kwanza ukazama, wa pili ukaenda kuokoa, nao ukaelemewa ukazama. Waliokufa walizidi kumi. Huo wa pili ndio unaoninyima usingizi.

Mtu anayezama hana adabu, atadandia chochote. Kwa hiyo usimpelekee ubavu wa mtumbwi. Kaa mbali kidogo, mrushie kamba iliyofungwa dumu tupu, umvute aingie kwa mbele au nyuma, mmoja mmoja. Chombo kikijaa, waliobaki washikilie kamba hadi kije kingine. Na injini izimwe, maana pangaboi halijui kuwa umekuja kwa wema.

Na kwa kuomba msaada, simu mmeiamini kupita kiasi. Inaita mtu mmoja, naye huenda amelala. Ikilowa imekwisha, na mbali na visiwa mtandao hukatika. Redio ya upepo ya VHF ni jambo jingine: ukiita chaneli 16, kila aliye karibu aliyefungua chaneli hiyo anakusikia. Taja jina la chombo, mlipo, mko wangapi na kilichowapata, kisha achia kitufe. Wapo wanaokibana mpaka mwisho, halafu wanalalamika kwamba hawajibiwi! Ila ile ya mkononi, ukiwa chini mtumbwini, hufika kilomita chache tu. Kuwa nayo peke yako ni kazi bure. Changeni, BMU, kikundi chenu cha kusimamia mwalo, iweke moja mwaloni, na awepo wa zamu anayekesha nayo usiku wa dagaa. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku, taa zenu zikiwa zinawaka, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) husomwa mkiwa mnacheza bao.

Msiseme serikali itakuja. Itakuja, lakini ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. MV Nyerere, kivuko chenye jina la Mwalimu wetu wa Butiama, kilizama Septemba 20, 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Wakafa watu 228, na giza lilipoingia uokoaji ulisimama hadi asubuhi. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, Novemba 2022, wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kufika.

Jaketi okozi livaliwe. Naona mnalikalia kama mto, mkisema lina joto.

Na kabla ya kutoka, mwachie mama au mkeo saa ya kurudi, upande unaokwenda na namba ya mwenzako wa chombo kingine. Mkubaliane kwamba saa hiyo ikipita, aamshe watu wa mwaloni na apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji, asingoje kupambazuke.